Mwenyewe Hajulikani

Jenereta ya kanisa pale Nkwenda iliwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa sita, na katika muda huo Auleria alipaswa kumaliza kazi zote zilizohitaji kompyuta. Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1999, aliutumia muda wote kutazama sentensi moja tu. Ilikuwa ya Kiingereza, fupi, haina matusi wala ukali, na maana yake ilikuwa kwamba yeye hana ruhusa.

Nyuma yake, kwenye benchi la wageni, alikuwa ameketi Nyirabahire, mjane aliyetembea tangu alfajiri kutoka Kibingo. Viatu vyake alikuwa ameviacha mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avivue, na kile kioo chenye mwanga alikitazama kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mkubwa wa ofisi amalize mazungumzo yake. Alichokuja kukitafuta alikuwa amekieleza kwa maneno machache. Alhamisi baraza la kijiji lingekaa kuamua iwapo kibanja anachoishi ni chake au ni cha Pastory, mpwa wa marehemu mzee Byabato. Byabato ndiye aliyempa mumewe ile ardhi. Mumewe, Harerimana, alikuwa amekufa. Byabato naye amekufa. Wanaume wawili waliosimama pale wakati mipaka inapandwa, wote wamekufa. Nyirabahire mwenyewe hakushuhudia kwa macho, kwa sababu siku ile alikuwa ndani, mzazi wa siku nne. Kilichobaki ni maneno ambayo Byabato aliyatamka mbele ya Mwalimu Gaudiosus kabla hajaaga dunia, na maneno hayo yalikuwa ndani ya kompyuta.

"Yamo?" aliuliza.

"Yamo, bibi," Auleria alijibu. "Nayaona yalipo. Ila sifunguliwi."

Mwalimu Gaudiosus alikuwa amestaafu akiwa na miguu bado mizuri, na miguu hiyo aliitumia kwa jambo ambalo wengi waliliona la ajabu. Alipanda na kushuka vilima akiwa na daftari na penseli, akiwauliza wazee mpaka gani ulipandwa lini, na nani, na mbele ya nani. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mipaka ya nchi ile imeandikwa kwa milamula, ile miti miembamba ambayo haifi hata ikikatwa; nayo milamula imeandikwa vichwani mwa wazee; na vichwa vya wazee vinazikwa kila wiki. Kila mzee Mwalimu alimpa ahadi kwamba maneno yake hayatasomwa mpaka siku ambayo mtu anayehusika nayo atakuja kuyaomba. Akishayapiga chapa, zile kurasa za penseli alimrudishia mwenyewe, ili nakala isizagae. Kurasa za Byabato ziliwekwa ndani ya kitabu chake cha sala. Byabato alipofariki, kitabu cha sala kiliwekwa mikononi mwake, jeneza likapigwa misumari, na hakuna aliyekumbuka kutazama kilichokuwamo katikati ya Zaburi.

Kompyuta yenyewe iliachwa na shirika moja lililohudumia wakimbizi, lilipofungasha na kuondoka mwishoni mwa mwaka 1996. Ilikuwa na mfumo wa ofisi kubwa: kila mtumiaji aliingia kwa jina lake na neno lake la siri, na kila mwenye faili aliweza kulifunga, wengine waone jina la kabrasha tu wasione kilichomo. Mwalimu aliupenda mno mfumo ule. Faili sitini na tatu za wazee alizifunga zote, asiweze kuzisoma mtu mwingine ila yeye. Alipougua kifua wakati wa Kwaresima, alimwita Auleria, karani wake, akamnong'oneza neno lake la siri, nalo lilikuwa jina la mama yake. Wiki mbili baadaye alizikwa. Mwezi wa Mei jenereta ikakohoa vibaya, umeme ukapanda na kushuka, na kompyuta ikagoma kuwaka. Fundi aliyeletwa kutoka Bukoba aliifungua, akabadilisha kifaa kimoja, akasimika mfumo upya juu ya ule wa zamani, na kabla ya kukimbilia basi aliwatoa hofu kwamba hakufuta kitu, mafaili yote yapo. Aliacha karatasi yenye neno la siri la msimamizi wa mashine. Alisema kweli. Mafaili yote yalikuwapo.

Sasa Auleria alikuwa mtu wa aina ile ambayo huifungua redio iliyokwisha kupona ili ajue ilikuwa ikiumwa nini. Kushindwa hakukumwudhi sana. Kulimwasha, kama upupu. Na jambo la kwanza alilolifanya Jumatatu ile lilikuwa lile ambalo mtu yeyote wa Karagwe angelifanya. Kwao, mwenye mji akifa, mwisho wa matanga huwekwa mrithi, naye mrithi huvikwa jina la marehemu. Watoto wa marehemu humwita baba, hata kama jana walikuwa wakimwita kaka. Mji hauwezi kukaa bila mtu wa jina lile. Basi Auleria aliingia kwa neno la siri la msimamizi, akaunda mtumiaji mpya, akamwita Gaudiosus, herufi kwa herufi, akampa neno la siri lilelile, yaani jina la bibi aliyelala makaburini tangu enzi za Mwingereza. Kisha akatoka, akaingia tena kama Gaudiosus, akaligusa kabrasha.

Sentensi ileile. Hana ruhusa.

Jina ni lile, neno la siri ni lile, mashine ni ileile, na kabrasha halijasogea hata inchi moja. Auleria alishika tama. Saa sita jenereta ilizimwa, kioo kikawa cheusi, na Nyirabahire akainuka kutafuta viatu vyake. Angelala kwa binamu yake pale Nkwenda, alisema, maana magoti yake hayawezi kwenda Kibingo na kurudi mara mbili. Hakulalamika. Aliuliza tu kama mashine ikifiwa nayo hukaa matanga, na Auleria hakujua kama anatania.

Siku ya Jumanne Auleria hakuanza tena na kabrasha la Mwalimu. Aliamua kufanya kama walivyofundishwa kwenye maabara ya sekondari: ukishindwa na kitu kikubwa, tengeneza kidogo kinachofanana nacho. Akaunda mtumiaji aitwaye Jaribio. Akaingia kama Jaribio, akaandika faili lenye mstari mmoja kuhusu bei ya ndizi, akalifunga. Kisha akamfuta Jaribio kabisa, akamuumba upya kwa jina lilelile na neno la siri lilelile, akajaribu kulisoma faili la ndizi. Alikataliwa. Mwandishi mwenyewe, aliyekufa dakika tano zilizopita na kufufuka, hakuruhusiwa kusoma alichokiandika.

Auleria alicheka peke yake. Akachungulia sifa za faili lile, mahali panapohusu usalama, mpaka akakuta dirisha dogo lililopaswa kumtaja mwenye faili. Badala ya jina paliandikwa kwamba mwenyewe hajulikani. Alipolichungulia kabrasha la Mwalimu, maneno yalikuwa hayohayo. Akavuta kile kitabu kinene cha maelekezo kilichoachwa na shirika, akaweka kamusi pembeni, akasoma ukurasa mmoja kwa nusu saa. Mashine, kitabu kilisema, haimjui mtumiaji kwa jina. Siku anapoumbwa humpa tarakimu, mfululizo mrefu usiorudiwa tena, na kufuli zote huandikwa kwa tarakimu hizo. Jina ni la kuwasaidia binadamu wasichoke. Mfumo wa zamani ulipoondoka, uliondoka na daftari la tarakimu zake. Gaudiosus mpya alikuwa wajina tu.

Ni wakati huo Pastory alipotokea. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mnunuzi wa kahawa, mwenye kofia ya bei na sauti ya kuzoea masoko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na kibanja kimoja kilichochoka, na mjomba aliyegawa ardhi bila kumwambia mtu. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Dada karani," alisema, "nasikia mjomba wangu amefungiwa humo ndani. Akitoka, mwambie anisalimie."

Auleria alimwambia kwamba akipenda aje amsalimie mwenyewe. Pastory akacheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kompyuta. Alisema jambo moja kabla ya kuondoka, na alilisema bila dhihaka. Kufuli, alisema, linafunguka kwa ufunguo au kwa nyundo. Akifungua kwa nyundo, nani atajua kilichokuwamo kabla ya nyundo? Mtu anayeweza kufungua anaweza pia kuandika. Yeye hatakubali karatasi iliyotoka mikononi mwa karani ambaye jana alionekana akimnywesha chai yule mama.

Maneno yale yalimchoma Auleria kwa sababu yalikuwa ya haki. Aliyabeba mpaka nyumbani pamoja na kitabu cha maelekezo.

Aliishi na shangazi yake Anatolia, dada mkubwa wa baba yake, nyuma ya soko. Mchana ule Anatolia alikuwa akimenya ndizi za chakula cha jioni, kisu kikienda chenyewe kama kinaota, na Auleria aliketi karibu naye akamsimulia yote: jina, neno la siri, Jaribio aliyekufa na kufufuka. Anatolia alikuwa hajawahi kuigusa kompyuta, lakini alikuwa ameona warithi kumi na wanne wakiwekwa katika ukoo wao, na alisikiliza kwa makini ya mtu anayesikiliza habari za ukoo mwingine.

"Huyo Gaudiosus wako mpya," hatimaye aliuliza, "nani alimkalisha kwenye kigoda?"

Auleria alisema ni yeye aliyemuumba.

"Sikukuuliza nani alimzaa. Nani alimkalisha?"

Ndipo shangazi akamweleza, taratibu, kama anayemfundisha mwali. Watu wa nje huona jina na kudhani jina ndilo urithi. Jina ni la mwisho. Likitangulia, ni wizi. Yapo matanga ambayo mrithi wake hajulikani: amesafiri, au ni mtoto, au hakuna. Siku hiyo nani hufungua nyumba? Mkuu wa ukoo. Naye hasemi kwamba yeye ndiye marehemu. Akisema hivyo watamcheka mpaka wagonge vichwa. Huingia kwa jina lake mwenyewe, mchana, watu wakitazama, na kutamka kwamba tangu leo nyumba hii iko mikononi mwangu mimi fulani. Kwanza huichukua. Baada ya kuichukua ndipo hufungua milango, na baada ya kufungua ndipo hutazama kilichomo.

"Na asiingie peke yake," Anatolia aliongeza, akitupa ndizi kwenye maji. "Akiingia peke yake, hata akitoka mikono mitupu watasema amemeza."

Auleria akafungua kitabu upande wa mwisho, kwenye orodha ya maneno, akatafuta neno la Kiingereza la umiliki. Palikuwa na kurasa tatu. Alizisoma jua likiwa bado juu ya migomba, na kila alipofika mwisho wa aya alirudi mwanzo, maana hakuamini. Msimamizi wa mashine, kitabu kilisema, hana ruhusa ya kusoma faili lililofungwa na mwingine, lakini ana haki ya kuuchukua umiliki wake. Akiuchukua, jina lake huandikwa kuwa mwenye faili. Hawezi kuuchukua kwa jina la mtu mwingine, wala hawezi kuurudisha kwa siri ili ionekane hakugusa. Waliotengeneza mfumo walikusudia hivyo: atakayefungua, ijulikane kwamba amefungua. Na akishakuwa mwenyewe, anaweza kujipa ruhusa anayotaka, ya kusoma, au ya kusoma na kuandika, au yote.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliona si mlango tu, bali mtu aliyeufikiria mlango. Alitamani amwulize mtu huyo, popote alipo, kama naye ana shangazi.

Jumatano saa nne kasorobo chumba cha ofisi kilikuwa na watu watano. Auleria alikuwa ametuma ujumbe kwa Pastory, naye, kinyume cha matarajio, alikuja, kofia mkononi. Nyirabahire alikuwa kwenye benchi lake. Anatolia alikuja kwa sababu alitaka kuona, na mzee wa kanisa, Mbonimpa, alikuja na daftari la ofisi ili aandike. Jenereta ilipowaka, Auleria hakugusa chochote kabla ya kuwaeleza. Aliwaambia kwamba ataingia kwa jina lake yeye, lenye mamlaka ya msimamizi. Kwamba atachukua umiliki wa kabrasha ili aone majina ya faili. Kwamba kati ya faili sitini na tatu atachukua moja tu. Na kwamba baada ya hapo jina lake litabaki pale daima, hata akitaka kulifuta.

"Na kuandika?" Pastory aliuliza.

"Nitajipa ruhusa ya kusoma peke yake. Njoo usimame hapa uone ninachoweka alama."

Pastory alisogea, akainama, akakodoa macho. Auleria akachukua umiliki wa kabrasha, na orodha ikafunguka, majina sitini na matatu, jina la Byabato likiwa karibu na mwanzo. Pastory alisoma Kiingereza kwa shida lakini tarakimu alizijua vizuri, na Auleria alimwonyesha tarehe iliyokuwa mkabala na faili la mjomba wake: siku faili lilipoandikwa kwa mara ya mwisho. Ilikuwa Novemba 1997, miezi kumi kabla ya kifo cha Byabato. Alimwomba mzee Mbonimpa aiandike tarehe hiyo kwenye daftari kwanza, kabla ya kuligusa faili. Mbonimpa aliandika kwa herufi kubwa, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Kisha Auleria akabonyeza ili alichukue na faili lile moja. Mashine iliuliza kama ana hakika. Alikubali. Palepale, mahali palipokuwa pameandikwa kwamba mwenyewe hajulikani, paliandikwa Auleria. Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyekalia kiti cha mkubwa. Akaweka alama ya kusoma, Pastory akitazama kidole chake. Tarehe ya Novemba haikubadilika. Mbonimpa aliitazama kwenye kioo, akaitazama kwenye daftari, akatikisa kichwa kukubali.

Faili likafunguka. Kurasa mbili, hazina mapambo, kwa Kiswahili cha Mwalimu kilichonyooka kama mistari ya shule. Auleria alianza kuzisoma kwa sauti.

Byabato alisema kwamba mwaka 1974, baada ya mavuno ya maharage, alimpa Harerimana, mtu aliyemlimia miaka kumi na miwili bila ugomvi, kipande cha ardhi kuanzia njia ya ng'ombe hadi kwenye jiwe jeusi. Milamula kumi na moja ilipandwa siku hiyo. Waliokuwapo ni wale wanaume wawili, na majina yao yalitajwa, na chumba kizima kilijua kwamba wote wako kaburini. Nyirabahire aliinamisha kichwa. Kisha ukaja mstari uliofuata: na Eugenia, mke wa mfua vyuma, aliyekuwa akipita na mbegu kichwani, nikamwita ashike kamba upande mmoja, kwa sababu wanaume walikuwa wawili tu na mmoja anachimba.

"Eugenia yupo," Anatolia alisema. "Yuko Rubwera kwa binti yake. Nilimwona Pasaka."

Hakuna aliyewahi kumfikiria Eugenia. Kwa miaka ishirini na mitano watu wa Kibingo walipohesabu mashahidi walihesabu wanaume, na mwanamke aliyeshika kamba alihesabiwa pamoja na kamba. Nyirabahire aliinua uso, na Pastory akaangalia pembeni.

Lakini macho ya Auleria yalikuwa yametangulia sauti yake. Ukurasa wa pili ulianza na maneno mengine, naye aliyaona yote kwa mara moja, akaacha kusoma. Nyirabahire hakujua kusoma. Pastory alikuwa amerudi nyuma karibu na dirisha. Ingetosha kusema kwamba imeishia hapo, shahidi amepatikana, twende. Jina lililoandikwa kwenye faili lilikuwa lake, na kwa dakika ile alielewa kwa nini shangazi alisema mtu asiingie peke yake.

"Kuna nini, mwanangu?" Nyirabahire aliuliza.

"Bibi, kuna sehemu isiyokupendelea."

Mama yule alifikiri. Alivuta kanga yake ikakaa sawa begani.

"Mimi ndiye niliyeyaomba maneno ya mzee," alisema. "Sikuomba nusu."

Auleria akasoma. Byabato alisema kwamba sehemu ya chini, kutoka jiwe jeusi hadi kijitoni, penye kahawa, hakuitoa. Alimwambia Harerimana avune tu maadamu yeye, Byabato, yu hai, kwa kuwa mke wa Harerimana alimuuguza kwa uji alipokuwa hajiwezi. Akifa, sehemu hiyo irudi kwa watu wake, nao wasimdai mama yule kwa alichokwisha kuvuna.

Kahawa ile Nyirabahire ndiye aliyeipogoa miaka yote, na miche mingi alikuwa ameipanda yeye. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, kwa Kinyarwanda kwanza na kisha kwa Kiswahili, kwamba ni kweli alimpikia uji, na kwamba hakujua kama mzee aliukumbuka. Pastory naye alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi. Alikuja kupigania kibanja chote, na sasa maneno yaliyompa sehemu ndiyo yaliyomnyima iliyobaki. Hakuweza kuyakubali nusu na kuyakataa nusu. Alizungusha kofia yake mara mbili tatu.

"Ni yeye," alisema mwishowe. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akigawa. Kwa uji."

Baraza lilikaa Alhamisi chini ya paa la godauni la ushirika. Eugenia aliletwa kutoka Rubwera nyuma ya baiskeli, mzee mno, mwenye sauti ya kushangaza, na alipoulizwa kama anakumbuka kamba alijibu kwamba ilimchubua kiganja na hakuna aliyempa pole. Kila mtu alicheka, mwenyekiti pia. Mbonimpa alisoma alichokiandika kwenye daftari, tarehe kwanza. Mjadala ulikuwa mfupi kuliko ilivyotarajiwa. Juu ya jiwe jeusi ni kwa Nyirabahire na watoto wake. Chini ya jiwe jeusi ni kwa Pastory. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, Pastory alisimama, akasema kahawa imeiva na mjomba hakuacha wosia wa kumnyang'anya mtu kahawa iliyoiva; mama avune msimu huu, yeye ataanza mwakani. Alilisema bila kumtazama mtu, akaketi upesi, kama anayeogopa kusifiwa.

Ijumaa saa nne, jenereta ilipowashwa, Auleria alikuwa akilitazama kabrasha. Faili sitini na mbili zilikuwa bado hazina mwenyewe. Alikuwa na uwezo wa kuzichukua zote kwa mbofyo mmoja. Kitabu kilieleza jinsi ya kufanya, tena kwa urahisi. Hakutaka. Kila moja ingesubiri mtu wake aje aiombe, na siku hiyo Mbonimpa angeitwa na daftari lake. Ila udadisi ulimsumbua, kusema kweli, na alijua utamsumbua kwa miaka.

Nyirabahire aliingia, akaacha viatu mlangoni, akamsalimu. Auleria alimwamkia shikamoo akamvutia kiti, si benchi. Mama yule alieleza kwamba kabla ya kurudi Kibingo anataka naye aandikwe kama wazee walivyoandikwa. Auleria akaunda faili jipya, akauliza aanzie wapi: kuja kwao kutoka Rwanda, au ndoa, au ile miaka ya kulima kwa Byabato.

"Anzia mwisho," Nyirabahire alisema. "Andika kwamba sehemu ya chini ya jiwe, penye kahawa, si yangu, nilikuwa nikivuna tu kwa hisani ya mzee. Niliyapata haya maneno kwa shida. Sitaki mwanangu aje kugombana na watoto wa Pastory wakati mimi sipo kumwambia."

Auleria akayapiga chapa kama alivyoyasema. Alipomaliza, alimweleza kwamba mashine inataka kujua nani aruhusiwe kusoma. Nyirabahire hakufikiri sana. Alimtaja mwanawe mkubwa, kisha akamtaja Pastory, na akakaa akitazama kioo mpaka majina yote mawili yalipoandikwa.